Safu ya ushauri: Kila programu inanionyesha kimbunga chake

BARUA

Wahusika wa safu hii, salaam.

Mimi ni mkazi wa Mtwara, fundi wa friji, na tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024 burudani yangu kubwa ni kufuatilia vimbunga vya Bahari ya Hindi. Wengine wana mpira, mimi nina hii. Kuanzia Novemba nafungua programu za hali ya hewa za Windy na Zoom Earth kila siku, na msimu ukichanganya nakesha.

Shida ni kwamba kadiri ninavyofuatilia ndivyo ninavyochanganyikiwa. Programu moja inasema upepo ni kilomita 120 kwa saa, nyingine 140, redio inataja 170, na wote wanazungumzia kimbunga kilekile, saa ileile. Mara modeli inanichorea dude kubwa linaingia Dar es Salaam baada ya siku 12. Kesho yake limehamia Madagaska, keshokutwa halipo kabisa. Simu yangu ina kipimo cha mgandamizo wa hewa, nacho kila alasiri kinashuka kana kwamba dhoruba iko mlangoni, huku jua linawaka. Nimejaribu pia kituo cha Miami wanachokisifia Wamarekani, sikuti bahari yetu.

Majirani na wavuvi wa huku Shangani wameshajua kwamba napenda mambo haya. Kimbunga kikitajwa tu, naulizwa, "Fundi, kinakuja?" Sijui nijibu nini, na sitaki kuwa chanzo cha taharuki. Mama watoto naye ana kesi mbili: bando na kukesha.

Naomba mnieleze nifuate chanzo kipi, nichore vipi, na je, ninunue kituo cha hali ya hewa cha nyumbani? Kuna duka linakiuza laki sita na nusu.

Fundi wa Friji, Mtwara

JIBU

Ndugu Fundi,

Unaanza na kesho kabla hujaijua leo. Rangi nyingi unazoziona kwenye programu zako ni matokeo ya modeli, yaani hesabu za kompyuta kuhusu yatakayotokea, na modeli ziko nyingi. Kimbunga chenyewe kipo mahali pamoja. Anayeanza na mahali kilipo, akakitia kwenye ramani kwa mkono, kisha akapima kimesogea kiasi gani tangu saa sita zilizopita, hatikiswi ovyo na rangi za Windy. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu letu ni ya karatasi na penseli.

Tuanze na chanzo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limezigawa bahari kwa vituo vya kanda, na kituo cha upande wetu, yaani kusini mwa ikweta kuanzia pwani ya Afrika hadi longitudo 90 mashariki, ni Météo-France kilichoko kisiwa cha La Réunion. Miami inahudumia Atlantiki na mashariki ya Pasifiki, ndiyo maana hukuti bahari yako pale. Wamarekani wana kituo kingine cha kijeshi, JTWC cha Pearl Harbor, Hawaii, ambacho kinaitazama Bahari ya Hindi pia. Vimbunga vyetu huvipa namba yenye herufi S mwishoni. Zoom Earth huchukua njia ya kimbunga kutoka huko JTWC. Kwa ajili ya daftari lako fuata La Réunion. JTWC iwe ya kulinganishia. Kwa ajili ya uamuzi wowote wa kuhama, kufunga duka au kutokwenda baharini, fuata TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) peke yake, kwani wao ndio wanaotafsiri taarifa za La Réunion kwa pwani ya Tanzania na wana wataalamu wanaoijua pwani hiyo.

La Réunion hutoa pia, katika msimu, taarifa ya kila siku inayoeleza uwezekano wa kimbunga kuzaliwa ndani ya siku tano. Isome hiyo kwanza kila unapofungua simu. Ikisema hakuna dalili, funga, kanywe chai, bando limesalimika.

Sasa namba zako tatu za upepo. Hakuna aliyekudanganya. La Réunion hupima upepo kwa wastani wa dakika 10. JTWC hutumia wastani wa dakika 1, na wastani wa muda mfupi daima hutoka mkubwa zaidi. Chukua namba ya JTWC uzidishe kwa 0.88, utapata ya La Réunion kwa makadirio mazuri: noti 75 za JTWC zinakuwa noti 66. Badilisha kwa kilomita (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa) na utaona 139 na 122, yaani zilezile 140 na 120 zinazokusumbua. Ile 170 ya redio bila shaka ni upepo wa mpigo, ule wa kushtukiza wa sekunde chache, ambao juu ya bahari huweza kuzidi wastani wa dakika 10 kwa karibu asilimia 40. Kwenye daftari andika noti za La Réunion tu, na ukinakili namba ya mwingine weka alama pembeni kuonyesha ni ya dakika 1 au ya mpigo.

Madaraja nayo yanafuata mkondo huohuo. "Kategoria ya 4" ni lugha ya Kimarekani na inapimwa kwa dakika 1. Kwa La Réunion, kati ya noti 28 na 33 ni mgandamizo mdogo wa kitropiki, 34 hadi 47 ni dhoruba ya wastani na hapo ndipo jina linatolewa, 48 hadi 63 dhoruba kali, 64 hadi 89 kimbunga, 90 hadi 115 kimbunga kikali, zaidi ya hapo kimbunga kikali sana. Jina hutolewa na Madagaska ikiwa mfumo uko magharibi ya longitudo 55, na Mauritius ukiwa mashariki yake hadi 90. Majina hufuata alfabeti, na orodha huanza upya kila tarehe 1 Julai. Hidaya kilikuwa cha nane msimu ule, Ialy kikafuata wiki chache baadaye. Mtu akikutumia WhatsApp yenye jina lisilofuata herufi ya mwisho uliyonayo, hapo pana walakini.

Saa pia zina mtego wake, ingawa sisi Waswahili tuna bahati. Taarifa zote hutolewa kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia: 00, 06, 12 na 18. Toa tatu upate saa ya Kiswahili. Saa 06 UTC ni saa 3 asubuhi, 12 UTC ni saa 9 alasiri, 18 UTC ni saa 3 usiku, na 00 UTC ni saa 9 ya usiku wa kuamkia tarehe hiyo. Mahali panapotajwa ni pale kimbunga kilipokuwa saa hiyo, lakini taarifa yenyewe hutoka baadaye, maana wataalamu wanahitaji muda wa kusoma picha. Ukifungua saa 4 na nusu asubuhi na saa 10 na nusu jioni, umetosheka. Kimbunga kikiwa karibu, ongeza saa 4 na nusu usiku, kisha ulale. Taarifa ya alfajiri utaikuta umeamka. Kati ya taarifa mbili hakuna kipya cha rasmi cha kukeshea, na kesi ya pili ya nyumbani inaishia hapo.

Ramani sasa, na hapa tutakaa kidogo. Nunua karatasi ya grafu ya A4 yenye milimita. Ilaze kwa upana. Juu andika longitudo kuanzia 38 mashariki upande wa kushoto hadi 60 upande wa kulia, nyuzi moja kwa sentimita moja. Pembeni andika latitudo kuanzia 2 kusini juu hadi 18 kusini chini. Angalia: kusini mwa ikweta namba za latitudo hukua kuelekea chini. Wengi waliozoea grafu za shuleni huziandika kinyume, kimbunga kikawatorokea kwenda Somalia. Kwa kipimo hiki nyuzi moja ni kama kilomita 111, na desimali moja ya nyuzi, ambayo ndiyo taarifa hutumia, ni milimita moja, kilomita 11. Hakuna hesabu ya kichwa itakayokusumbua tena.

Weka nukta za pwani kwa wino usiofutika: Mombasa 4.1 kusini, 39.7 mashariki, Dar es Salaam 6.8, 39.3, Kilindoni Mafia 7.9, 39.7; Kilwa Masoko 8.9, 39.5, Lindi 10.0, 39.7, Mtwara 10.3, 40.2, Pemba ya Msumbiji 13.0, 40.5, Moroni 11.7, 43.3, Mamoudzou, Mayotte, 12.8, 45.2, kisiwa cha Aldabra 9.4, 46.3, ncha ya kaskazini ya Madagaska 12.0, 49.3. Unganisha nukta za bara kwa mstari, hiyo ndiyo pwani yako. Kisha toa nakala ishirini stesheneri; kila kimbunga karatasi yake.

Chukua mfano wa kubuni. Saa 3 asubuhi kituo cha kimbunga, yaani katikati yake, kiko 9.2 kusini, 44.0 mashariki. Saa 9 alasiri kiko 9.0 na 43.1. Weka rula: zimepita milimita 9 na kitu, yaani kama kilomita 101 kwa saa sita, mwendo wa kilomita 17 kwa saa. Vuta mstari huohuo mbele hadi pwani, utaigusa karibu na 8.2 kusini, kati ya Mafia na Kilwa, umbali wa milimita 37, kilomita 405. Kwa mwendo uleule ni saa 24, yaani kesho mnamo saa 9 alasiri. Makadirio haya ya mstari mnyoofu ni ghafi na hayazidi utabiri wa wataalamu. Faida yake ni kwamba ukiufungua utabiri wao utajua mara moja kama wanatarajia kikunje, kipunguze mwendo au kiendelee, na utajiuliza kwa nini. Hapo ndipo utamu wa burudani hii unapoanzia.

Usiache mstari uwe uzi mwembamba. Mabaharia wana kanuni ya 1-2-3: makosa ya maili za bahari 100 kwa saa 24 zijazo, 200 kwa saa 48, 300 kwa saa 72. Kwenye karatasi yako ni milimita 17, 33 na 50. Chora duara hilo kwa bikari kuzunguka kila nukta ya utabiri, kisha uongeze umbali ambao upepo wa noti 34 unafika kutoka katikati. Umbali huo umo ndani ya taarifa ya La Réunion, umegawanywa kwa pande nne, kwa maili za bahari. Maili 60 ni sentimita moja. Katika mfano wetu duara la saa 24 peke yake linatoka Dar es Salaam hadi jirani na Lindi. Ongeza maili 60 za upepo, na Mtwara nayo imo. Kanuni hii inakuza makosa kwa makusudi, na kwa mtu anayeishi ufukweni tunaona ni afadhali hivyo. Ile koni unayoiona kwenye programu huonyesha mahali katikati ya kimbunga panapoweza kupita tu. Upepo, mvua na mawimbi hutoka nje ya koni bila kuomba ruhusa.

Jambo moja ambalo video za Kimarekani zitakupotosha: kwao upande hatari ni wa kulia wa njia ya kimbunga. Kwetu ni kushoto. Kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa, kwa hiyo kinachoelekea magharibi huwa na upepo wa kutoka baharini kwenda nchi kavu upande wake wa kusini, na mwendo wa kimbunga chenyewe unaongezeka juu ya upepo huo. Huko ndiko maji ya bahari husukumwa kupanda ufukweni. Upande wa kaskazini upepo hutoka bara. Kumbuka Kenneth: Mtwara ilitahadharishwa, kimbunga kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, na Mtwara ikabaki kaskazini yake. Waliosema "TMA walitudanganya" hawakuona kwamba kimbunga kilipita zaidi ya kilomita mia kusini yao, ndani kabisa ya makosa ya kawaida, na kwamba wao walibaki upande ulio nafuu. Kingepita umbali uleule kaskazini, habari ingekuwa nyingine. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimeshadhoofika, lakini kusini yake, Kilwa, mvua ilikata barabara ya kwenda Lindi.

Kujua upande uliopo bila intaneti kunawezekana. Upe upepo mgongo: kituo cha kimbunga kiko mkono wako wa kulia, mbele kidogo. Upepo ukibadilika polepole baada ya saa mbili tatu, na mkono wako unageuka nao, unajua kinapita upande gani. Jaribu kanuni hii siku ya kawaida kwenye ramani ya Windy, usingoje dhoruba.

Ni vimbunga vipi vya kukutoa jasho? Kwa Mtwara tunapendekeza mstari wa penseli nyekundu kwenye longitudo 50. Mfumo ukikata mstari huo kaskazini mwa latitudo 11, umepita juu ya ncha ya Madagaska na bahari iko wazi mbele yake, fungua daftari. Ukiukata kusini ya hapo, Madagaska ndiyo itakayoupokea, na hata ukitokea upande wa pili utaangukia mlango bahari wa Msumbiji, ambako mara nyingi hukunja kusini. Si sheria, ila hupunguza kelele. Chido, Desemba 2024, kilipita jirani na ncha hiyo kisha kikateremka kuipiga Mayotte tarehe 14 na Msumbiji siku iliyofuata. Upande wa kaskazini tunalindwa na ikweta: ndani ya nyuzi kama 5 nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kukisokota kimbunga, ndiyo maana ni nadra kuvisikia Mombasa, na Ialy kilichosogea karibu na Kenya mwezi Mei 2024 kiliwashangaza wengi.

Miezi ya kukaza macho kwa pwani yetu ni Aprili na Mei mwanzoni, wakati kaskazi imekwisha na kusi inaingia. Zanzibar ilipigwa Aprili 15, 1872, karafuu za Unguja zikalala chini. Lindi, Aprili 1952. Kenneth na Jobo, Aprili. Hidaya, Mei. Januari na Februari vimbunga ni vingi zaidi, lakini ngoma yao huchezwa kusini zaidi.

Usidharau hata hivyo kimbunga cha mbali. Idai ya Machi 2019, iliyoangamiza Beira, ilivuta unyevu kwenda kusini na masika ya Afrika Mashariki ikachelewa. Kwa mkulima wa ukanda wetu hiyo ni habari kubwa kuliko upepo usiomfikia, na ni jambo zuri la kuandika kwenye daftari: kimbunga kiko wapi, mvua yangu imefanya nini.

Lile dude la siku ya 12 lisikunyime usingizi. Modeli ya Marekani, GFS, huendeshwa mara nne kwa siku na ina tabia ya kuzaa vimbunga vya siku za mbali ambavyo havizaliwi kamwe. Ya Ulaya, ECMWF, imetulia zaidi ila nayo hukosea. Usichore chochote kilicho zaidi ya siku tano mbele. Ukitaka kujua kama kuna jambo kati ya siku ya tano na ya kumi, tafuta utabiri wa kundi: ECMWF huendesha hesabu 51 zilizotofautishwa kidogo mwanzoni, na mistari yote huchorwa pamoja. Mistari mitatu kati ya 51 ikionyesha kimbunga, hiyo ni minong'ono. Ikiwa 35 na yote imekusanyika, andika tarehe. Kosa la kawaida ni kuchagua mstari mmoja wa kutisha na kuupiga picha.

Picha za setilaiti zitakuambia kama modeli inaota. Meteosat iliyo juu ya Bahari ya Hindi, longitudo 45.5 mashariki, hupiga picha kila dakika 15. Huhitaji zote: picha moja ya saa 3 asubuhi na moja ya saa 9 alasiri zinatosha, na kila moja ni sehemu ndogo ya bando linaloliwa na video ya mawingu. Tazama picha ya mwanga wa mchana. Ukiona mzunguko wa mawingu mepesi ukiwa wazi, na lundo jeupe la mawingu mazito limesukumwa pembeni, ujue upepo wa juu unakwenda tofauti na wa chini na kimbunga kinakatwa kichwa. Jobo, Aprili 2021, kilikufa kwa namna hiyo, kikisaidiwa na hewa kavu, kabla hakijaifikia pwani ya Tanzania na nguvu zake. Usiku picha ni za joto tu, na kituo kinaweza kujificha chini ya wingu. Wakati mwingine jua likichomoza wataalamu hugundua kiko nusu nyuzi kutoka walipodhani. Kwa hiyo nukta ikiruka ghafla asubuhi usiseme kimbunga kimepiga mbio. Soma maelezo ya taarifa kwanza, uone kama kituo kimewekwa upya.

Kipimo cha simu yako ni kizima. Katika ukanda wa joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: kilele karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, bonde karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, tofauti ya kama hektopaskali 3. Unachokiona kila alasiri ni hicho. Dawa yake: wiki mbili za hali tulivu soma saa zilezile nne, simu ikiwa meza ileile, ghorofa ileile (mita nane na nusu za kupanda hupunguza hektopaskali moja), isiwe kwenye gari lililofungwa wala chumba cha kiyoyozi. Pata wastani wa kila saa. Kisha linganisha leo saa 10 jioni na wastani wa saa 10 jioni, kamwe si na asubuhi. Mabaharia husema ukiwa chini ya wastani kwa 3, shuku. Kwa 5, dhoruba iko jirani. Kama unataka kujua simu inakosea kiasi gani, tafuta ripoti za viwanja vya ndege kwa alama HTMT ya Mtwara au HTDA ya Dar es Salaam. Namba baada ya herufi Q ni mgandamizo uliorekebishwa kwa usawa wa bahari. Lakini usiutegemee kama kengele ya mapema. Vimbunga vinavyofika huku mara nyingi ni vidogo, na mgandamizo huanza kuporomoka vikiwa vimebakiza saa chache.

Kile kituo cha laki sita na nusu, acha. Kipimo cha upepo kinatakiwa kiwe mita 10 juu, mahali pa wazi, mbali na kizuizi mara kumi ya urefu wake. Juu ya bati la nyumba iliyozungukwa na minazi kitapima minazi. Anza na mvua: chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyonyooka, kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli ndani ya chupa, jaza kokoto na maji chini mpaka mstari wa sifuri uliouchora pale chupa inapoanza kunyooka, bandika rula. Mdomo na mwili vikiwa na upana uleule, milimita ya rula ni milimita ya mvua. Iweke mbali na ukuta au mti angalau mara mbili ya urefu wake, isome saa 3 asubuhi kila siku, kisha urudishe maji kwenye sifuri. Fedha iliyobaki nunua pawabanki na redio ya betri, kwani siku yenyewe ikifika umeme na mtandao hukatika mapema.

Kuhusu wale wa Shangani. Kutoa tahadhari ya hali mbaya ya hewa kwa umma ni kazi ya TMA kisheria, na hata isingekuwa sheria, fundi mmoja hawezi kubeba dhamana ya boti arobaini. Ukiulizwa "kinakuja?", usijibu ndiyo wala hapana. Jibu kwa mistari mitatu, mfano: "Saa 3 asubuhi kituo kilikuwa 9.2 kusini, 44.0 mashariki, karibu kilomita 435 kutoka Mtwara. TMA wametoa TAHADHARI, rangi ya chungwa, Lindi na Mtwara. Nitaandika tena saa 10 na nusu jioni." Ngazi za TMA ni tatu: angalizo la njano, tahadhari ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu, zitaje kama zilivyo, usipandishe wala kushusha. Tangazo lao litume lote, lenye tarehe, maana tangazo la juzi likizunguka leo ndilo huzaa taharuki. Na ramani yako ya penseli, ukiipiga picha, iandikwe juu yake "si utabiri rasmi". Mvuvi akisema anga ni safi na anataka kutoka, mwonyeshe rula: kilomita 435 kwa mwendo wa 17 ni kama saa 26, na mawimbi hutangulia upepo.

Msimu ukiwa bado, fanya mazoezi na vilivyopita. Hifadhidata ya IBTrACS ya NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, ina nafasi za vimbunga vyote kila saa sita, bure. Chukua Kenneth, funika nukta za mbele kwa karatasi, chora moja moja, na kila mara kadiria itakayofuata kabla ya kufunua. Pima kosa lako kwa milimita, uandike. Ukimaliza Kenneth chukua Hidaya, kisha Jobo. Freddy ya mwaka 2023 iache mwisho: ilidumu siku 36, ikavuka bahari nzima kutoka upande wa Australia, ikaipiga Msumbiji mara mbili. Karatasi yako ya nyuzi 22 haitaitosha, itabidi uunganishe nne.